Wanafunzi wa Kudumu

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa kuitaja bila kibali ni kosa, na ofisi inayotoa kibali imefungwa kwa ukarabati, hakuna kitu kinachoheshimiwa kama elimu. Tunaiheshimu mno, hata kuisogelea tunaona haya.

Mimi ni raia mtiifu. Watoto wangu watatu wamepita katika shule zetu za sekondari, na kwa neema za Mungu hakuna hata mmoja aliyedhurika. Wametoka kama walivyoingia. Kwa hiyo sina ugomvi na mtu. Nataka tu kueleza habari za Hidaya Mkombola na Stashahada ya Uzamili ya Ualimu, ili wale wazushi wanaosema Serikali haina mpango wa kuandaa walimu wanyamaze. Mpango upo. Ubaya wake ni kwamba unafanya kazi.

Ilianza pale Wizara ya Elimu, Maadili na Sare ilipogundua jambo la kutisha. Katika shule kadhaa za pembezoni, somo la fizikia lilikuwa likifundishwa na watu waliosoma fizikia. Walikuwa na shahada zao za chuo kikuu na moyo wa kazi, lakini Stashahada ya Uzamili hawakuwa nayo. Waziri alizungumza redioni kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Alisema kwamba anayejua somo bila kujua namna ya kulifundisha ni hatari kuliko asiyejua vyote viwili, kwa sababu huyu wa pili angalau wanafunzi hawamwamini. Kuanzia siku hiyo watu hao wakaitwa wavamizi wa madarasa. Ambaye angekutwa ameshika chaki bila stashahada angefungwa, na mkuu wa shule aliyemruhusu angefungwa naye.

Hidaya alikuwa mvamizi sugu. Alifundisha Shule ya Sekondari Kibwete, huko milimani ambako gari la Wizara hufika wakati wa uchaguzi tu. Maabara haikuwepo, basi alifundishia makopo, spoku za baiskeli na vitunguu. Watoto wale alikuwa nao tangu Kidato cha Pili, na sasa walikuwa wanaingia Kidato cha Nne wakiwa na tabia mbaya ya kuuliza. Aliyezidi wote alikuwa Leokadia, binti wa mama muuza ndizi, ambaye hakuweza kuona kitu kinazunguka akakipita bila kuuliza kinazungushwa na nini.

Mkuu wa shule, Mwalimu Mbelwa, alimwita Hidaya ofisini siku tangazo lilipotoka.

"Nenda, mwanangu," akamwambia. "Kozi inaisha mwezi wa nane, mtihani wao ni mwezi wa kumi na moja. Utawawahi."

"Na mpaka huo mwezi wa nane nani atawafundisha?"

"Mwalimu Sefu wa michezo ameahidi atakuwa anaingia."

"Anajua fizikia?"

"Anajua kuingia," akasema Mwalimu Mbelwa, na akainamisha uso, kwa sababu alikuwa mtu mwema na aibu ilimpata upesi.

Leokadia alimsindikiza Hidaya mpaka barabarani, amembebea begi kichwani.

"Mwalimu, utarudi kabla ya mtihani?"

"Nitarudi. Tutamalizia umeme pamoja."

"Basi tutakusubiri. Hatuna mwingine."

Hidaya aliahidi. Vijana wa siku hizi wanaahidi vitu kana kwamba Serikali haipo.

*

Chuo cha Taifa cha Uzamili wa Ualimu kimejengwa juu ya kilima, na lango lake ni kubwa kuliko majengo yake yote ukiyaweka pamoja. Mkuu wa chuo alikuwa Profesa Ponsiano Kizota, mtaalamu wa ufundishaji wa sekondari ambaye hakuwahi kufundisha sekondari, jambo lililomwezesha kuitazama bila upendeleo. Kitabu chake, kilichohusu mchango wa ukimya wa mwanafunzi katika mafanikio ya mwalimu, kilijaza maktaba nzima. Hapakuwa na kingine.

Aliwapokea wanachuo wapya kwa hotuba.

"Mmekuja hapa mkiwa mnajua vitu," alisema kwa huzuni. "Msiogope. Tutawasaidia."

Wakapiga makofi. Profesa akawasubiri wamalize, kisha akasubiri zaidi kidogo kwa ajili ya wale ambao wangependa kupiga tena.

"Wako watu wanaodhani kazi ya mwalimu ni mwanafunzi. Huu ni ujinga wa mitaani. Kazi ya mwalimu ni andalio la somo. Andalio likikamilika, somo limekamilika. Mwanafunzi ni mgeni mwalikwa tu; akija aje, asipokuja pilau haichachi."

Muhula wa kwanza walijifunza kufuta ubao. Wakufunzi wawili wa somo hilo walikuwa wamekosana tangu ujana wao, mmoja akiamini ubao hufutwa kutoka juu kwenda chini, mwingine kutoka kushoto kwenda kulia. Hawakusalimiana, na kila mmoja alimfelisha aliyefuta kwa mtindo wa mwenzake. Hidaya alifuta kwa mshazari, akafelishwa na wote wawili, akarudia. Chaki yenyewe haikuwepo. Ilifundishwa kinadharia: walishika hewa kwa vidole vitatu, wakaandika hewani, na mwisho wa kipindi wakakohoa vumbi lake, kwa sababu kukohoa kulikuwa na alama zake.

Nyakati nyingine nikifikiria kwamba pesa za kodi yangu zilikwenda kwenye kikohozi kile, napandwa na hasira. Lakini hasira si uzalendo, basi naimeza.

Siku moja Hidaya alinyoosha mkono. "Profesa, shuleni kwetu darasa moja lina watoto zaidi ya mia. Dawati moja wanakaa watano. Nitumie mbinu gani kuwafikia wote?"

Profesa Kizota alimtazama kwa upole mkubwa. "Kwenye andalio lako andika thelathini."

"Lakini wapo mia, Profesa."

"Binti yangu, anayeandika ni wewe."

Wenzake wote wakanakili jibu hilo. Baadaye lilitokea kwenye mtihani.

*

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nchi jirani wanatuonea wivu, ingawa hawasemi.

Zamani chuo kilikuwa kikiwapeleka wanachuo wake kufanya mazoezi katika shule za kweli. Mpango huo ulikufa, kwa sababu shule za kweli zina wanafunzi wa kweli, nao wana njaa, wana mafua, wanasinzia, wanauliza. Andalio lililopangwa kwa wiki tatu liliweza kuharibiwa na mtoto mmoja aliyebanwa na haja. Ndipo Serikali ikaajiri Wanafunzi wa Kudumu. Walikuwa watu wazima thelathini, wenye kaptula na sketi za sare, bima ya afya na pensheni, na kazi yao ilikuwa kuwa Kidato cha Pili.

Kiranja wao, Mzee Zakayo Mtumbuka, alikuwa Kidato cha Pili kwa robo karne. Wajukuu zake walikuwa wameshamaliza Kidato cha Nne, na aliwaona kama watu waliokimbilia maisha kwa pupa. Nyuma yake alikaa Bi Pili, mwembamba kama ufito, aliyekuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu Kidato cha Pili kwa heshima zote.

Mwanachuo akiingia darasani, wazee wale walisimama wakamwamkia "Shikamoo, mwalimu," naye kijana wa miaka ishirini na kitu ilimbidi aitikie marahaba kwa watu wanaolingana na babu yake. Wachache walilia siku ya kwanza. Baadaye walizoea, na huo ndio ualimu. Akiuliza kama wameelewa, walijibu kwa pamoja, "Tumeelewa, mwalimu." Akiuliza kama kuna swali, walijibu, "Hakuna, mwalimu." Sauti zao zilipanda na kushuka vizuri kuliko kwaya ya Bunge.

Mkataba wao ulikuwa na sharti moja kubwa: wasielewe. Mwanafunzi wa Kudumu akielewa, anahesabika amehitimu Kidato cha Pili, na kwa kuwa fungu la Kidato cha Tatu halijawahi kutengwa, anakwenda zake nyumbani. Kwa hiyo walijilinda. Somo likianza kunoga, Bi Pili alihesabu vigae vya dari na Mzee Zakayo aliwawaza ng'ombe wake. Kwa miaka yote hiyo hapakutokea ajali hata moja.

*

Mtihani wa vitendo wa Hidaya uliangukia mwanzoni mwa mwezi wa nane. Wajumbe wa Bodi ya Mitihani walikaa nyuma ya darasa kwenye makochi, Profesa Kizota katikati. Mada aliyopangiwa ilikuwa "Wenzo: maana yake, aina zake, na umuhimu wake kwa Taifa." Alihitaji dakika arobaini tu za kusoma andalio kwa sauti, na kesho yake angepanda basi la kwenda Kibwete.

Alianza vizuri sana. Aliandika tarehe hewani. Aliandika kichwa cha somo hewani. Alitaja lengo kuu na malengo mahsusi, na mjumbe mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafanya kosa ambalo chuo kizima kilikuwa kimemwonya asilifanye. Aliwatazama wanafunzi.

Akaziona nyuso thelathini za watu waliokubali yaishe. Ugonjwa wa Kibwete ukampanda. Akaweka andalio mezani, akatoka nje, akarudi na ubao mrefu wa mafundi na jiwe, akaulaza ubao juu ya jiwe uwe wenzo.

"Mzee Zakayo, naomba usimame juu ya ncha hii."

"Kwenye mkataba hakuna kusimama juu ya mbao, mwalimu."

"Nakuomba tu, mzee wangu."

Mzee Zakayo hakuwa amewahi kuombwa kitu darasani. Akasimama. Alikuwa mtu wa mwili, mzito kama gunia la mahindi lililonyeshewa.

"Bi Pili, njoo ubonyeze upande huu."

"Mimi nimwinue yule? Mwanangu, mgongo wangu huu si wa kuchezea."

"Mkono mmoja tu, bibi."

Bi Pili akabonyeza kwa mkono mmoja, uso ameugeuza pembeni ili asionekane mshiriki. Mzee Zakayo akapanda juu. Akabaki huko, ameishika kaptula yake isivuke, anawatazama wenzake kutoka mahali ambapo hakuwahi kuwatazamia. Hidaya akasogeza jiwe mbali naye kidogo, na Bi Pili akabonyeza kwa mikono yote miwili asiweze. Akalirudisha karibu naye, na Bi Pili akaweza. Bi Pili akaomba arudie. Halafu akaomba alisogeze jiwe yeye mwenyewe. Vigae vya dari havikuwa na mtu wa kuvihesabu tena.

Profesa alikohoa. Hidaya akakumbuka utaratibu.

"Kuna swali?"

"Hakuna, mwalimu," wakajibu ishirini na tisa.

"Lipo," akasema Mzee Zakayo kutoka juu.

Kwenye kumbukumbu za chuo imeandikwa kwamba hapo umeme ulikatika, lakini huo ni uongo wa heshima. Umeme ulikuwepo, na kila mtu alisikia.

"Nauliza hivi, mwalimu. Ikiwa Bi Pili kwa mkono mmoja ameniinua mimi, mbona kila Waziri akija tunaitwa wote thelathini kulibeba jukwaa lake kwa mabega? Mimi kiuno changu kiliharibika mwaka ule wa jukwaa la mninga."

"Jibu unalo mwenyewe, mzee," akasema Hidaya.

"Ninalo," akasema Mzee Zakayo taratibu. "Kinachotakiwa ni ubao mrefu tu." Na akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha mvulana wa Kidato cha Pili.

*

Hidaya alisimamishwa siku ileile kwa kosa la kusababisha swali. Tume ya Uchunguzi ikaundwa, ikakaa chini ya turubai uwanjani, na ikawahoji Wanafunzi wa Kudumu mmoja baada ya mwingine. Zakayo alikuwa ameshahesabiwa amehitimu, hilo halikuwa na mjadala. Kilichotafutwa ni kama maambukizi yamesambaa.

"Umeelewa nini siku ile?" waliulizwa.

"Sikuelewa kitu, waheshimiwa. Mimi nina familia," walijibu wote, na Tume ikaridhika na uzalendo wao.

Mambo yangeishia hapo, kama si jua. Saa sita kivuli cha turubai kilihama, na wajumbe wakaagiza meza yao, ya mbao ngumu na yenye marumaru juu, isogezwe. Wanafunzi wa Kudumu wakaitwa waje waibebe. Kabla hawajajipanga, Bi Pili akaenda upande wa jengo linalojengwa, akarudi na boriti na tofali, akaichomeka boriti chini ya meza, akaisukuma meza mpaka kivulini peke yake. Kisha akapangusa mikono kwenye sketi yake ya sare na kuondoka. Wenzake wakaitazama boriti kwa macho ya watu wanaojua inafanya nini. Mwenyekiti wa Tume aliyaona macho hayo, na mchana uleule, wote ishirini na tisa wakahesabiwa wamehitimu.

Hidaya alimfuata Profesa ofisini. Aliingia na unyenyekevu wote aliofundishwa.

"Profesa, watoto wangu wana mtihani mwezi wa kumi na moja. Nipe nafasi wiki ijayo. Nitasoma andalio neno kwa neno. Sitaleta mbao."

"Nafasi tutakupa, binti yangu. Chuo hiki ni mlezi," akasema Profesa. "Lakini utafanyaje mtihani bila Wanafunzi wa Kudumu? Na waliokuwepo umeshawaharibu."

"Basi niruhusu nirudi Kibwete hivi hivi, nitakuja tena watakapopatikana."

"Ukamtie Mwalimu Mbelwa gerezani? Mzee wa watu?" Profesa alisikitika kwa dhati. Alikuwa na huruma nyingi, ila hazikuwa na pa kwenda.

Alipotoka alimkuta Mzee Zakayo langoni, amevaa suruali. Bila kaptula alionekana mzee zaidi. Hidaya akamwamkia shikamoo, na kwa mara ya kwanza mzee akaitikia marahaba.

"Nimekukosea, mzee wangu."

"Siku ile nilifika nyumbani nikamweleza mke wangu habari za jiwe na ubao," akasema Mzee Zakayo. "Akaninusa mdomo. Nikamwinua kwa mti wa mchi, na kiti chake alichokalia. Tukacheka mpaka majirani wakaja. Robo karne sijawahi kumpelekea mke wangu kitu kutoka kazini isipokuwa mshahara." Akaupandisha mkanda wa suruali. "Na sasa huo mshahara hakuna. Kijana wangu wa mwisho yupo chuo cha ufundi, ada yake naitoa wapi? Kwenye wenzo?"

Hidaya akashika nondo za lango.

"Sikulaumu sana," mzee akamalizia. "Lakini siku nyingine, mwalimu, muulize mtu kwanza kama ana nafasi ya kuelewa."

*

Serikali haikulala. Tangazo la kuajiri Wanafunzi wa Kudumu wapya lilitoka mwezi wa kumi, na safari hii Wizara, iliyojifunza kutokana na makosa, iliweka sifa kali. Mwombaji alitakiwa awe kijana, ili adumu. Na kwa somo la fizikia, alitakiwa awe hajafundishwa na mwalimu yeyote kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na awe na cheti cha Serikali cha kuthibitisha hivyo.

Watu walijiuliza vijana wa namna hiyo watatoka wapi. Mimi nilijua watapatikana. Sisi si nchi ya kukosa.

Hidaya alibaki bwenini chuoni akisubiri. Mwezi wa kumi na moja ulifika ukapita. Alipiga simu Kibwete kila alipopata vocha, na Mwalimu Mbelwa alimjibu mambo ya mvua na bei ya ndizi. Matokeo yalipotoka, mzee yule alipiga mwenyewe.

"Mwalimu Sefu aliingia," akasema. "Hilo nisimdhulumu. Kila kipindi alikuwa anaingia."

"Wamepata nini, mwalimu?"

"Sifuri. Darasa zima. Fizikia sifuri."

"Leokadia?"

"Naye. Swali la umeme alilichorea duara zuri tu la nyaya, na balbu yake. Hakuandika kitu. Aliniambia mlikubaliana mtalimalizia pamoja."

Hidaya alikaa chini kwenye sakafu ya korido. Kuna wanachuo walimpita wakidhani anafanya zoezi.

"Lakini usihuzunike sana," Mwalimu Mbelwa akaharakisha kusema. "Wamepata kazi. Watoto thelathini, mwanangu, wamechaguliwa. Basi la Wizara limekuja kuwachukua, na wala si mwaka wa uchaguzi. Wazazi wameshukuru sana. Ni kazi ya Serikali, ya mjini, ina mshahara na sare."

"Kazi gani hiyo?"

"Hawakutuambia. Walichotaka ni vyeti vya matokeo tu. Wewe maliza kozi yako urudi. Wa Kidato cha Tatu nao wanakuja nyuma, na Sefu amechoka."

*

Mtihani wa marudio ulifanyika baada ya Mwaka Mpya. Darasa lilikuwa limepakwa rangi. Bodi ilikaa kwenye makochi yake, na Profesa Kizota alikuwa amevaa joho, kwa kuwa siku ile chuo kilikuwa kinazindua Wanafunzi wa Kudumu wapya. Alisema maneno machache kwa nusu saa. Alisema vijana hawa ni hazina, wameandaliwa na mazingira yenyewe, hawana doa la fizikia hata moja.

Hidaya aliingia na andalio lake mkononi, macho chini. Alikuwa ameapa hatamtazama mtu.

"Shikamoo, mwalimu," darasa likaamkia.

Alizijua zile sauti kabla hajainua uso. Walikuwa wamesimama wamenyooka, wamevaa sare mpya zenye nembo ya Taifa, nywele zimechanwa, wamenenepa kidogo. Mbele kabisa, na beji ya kiranja kifuani, alikuwa Leokadia.

Hidaya alizitazama nyuso zao kwa muda ambao haukuwa kwenye andalio. Kisha akashuka akaenda mpaka kwenye dawati la kwanza, akainama kama mwalimu anayekagua daftari, na akasema kwa sauti ya chini ambayo makochi hayakuisikia.

"Leokadia. Tuna dakika arobaini. Nikilichora lile duara lako la mtihani, tunaumaliza umeme leo leo, wote. Acha wanifelishe."

Leokadia alitazama mbele. Kwa kitambo kidogo Hidaya aliona lile jicho la mtoto aliyeona kitu kinazunguka.

"Mwalimu, tafadhali usitufundishe," Leokadia akanong'ona. "Wadogo zangu wanasomeshwa na mshahara huu. Mama ameacha kubeba ndizi. Nakuomba, mwalimu."

"Wenzako wanasemaje?"

"Wamenituma mimi niseme."

Hidaya akarudi mbele. Nimewauliza waliokuwepo kama alilia, na wanasema hapana, na mimi najua wanasema uongo, kwa sababu nilipohadithiwa tu nililia mimi, raia mtiifu, nikawatukana watu wote wa Wizara kwa majina yao nikiwa bafuni nimefungua maji.

Akaandika tarehe hewani. Akaandika kichwa cha somo hewani. Akasoma malengo, akasoma maana, akasoma aina, akasoma umuhimu kwa Taifa, bila kuinua macho, bila kuruka nukta, na akafuta ubao mtupu kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka kushoto kwenda kulia, wakufunzi wote wawili wakaridhika.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, mwalimu."

"Kuna swali?"

Hapa andalio linasema mwalimu asisubiri. Yeye alisubiri. Alisubiri mpaka Profesa akajigeuza kwenye kochi na mjumbe mmoja akatazama saa. Mikono thelathini ilikuwa juu ya madawati, imetulia, na mkono wa Leokadia ulikuwa umeshikwa na mkono wake mwingine.

"Hakuna, mwalimu," wakasema.

Bodi ilimpa alama za juu kuliko zote zilizowahi kutolewa chuoni. Profesa Kizota alimkabidhi stashahada palepale, akawageukia vijana na kuwaagiza wampigie makofi mwalimu wao, nao wakampigia kwa nguvu zote. Hivyo ndivyo Hidaya Mkombola alivyopewa ruhusa ya Serikali ya kuwafundisha watoto wa Kibwete, nao wakiwa wamekaa mbele yake.